Kipindupindu: Uvira ilipima nguvu ya dozi moja ya chanjo, watoto wadogo bado wanasubiri iliyo bora

Kichupa chenyewe si kikubwa kuliko kidole cha mtu mzima. Ni cha plastiki laini, na dawa iliyomo haijazi hata kijiko cha chai: mililita moja na nusu. Mwenye kuchanja anavunja kichwa cha kichupa, anakiminya mdomoni mwa mtu, na kazi imekwisha. Hakuna sindano, hakuna mkono unaovimba.

Katikati ya mwaka 2020, miezi michache baada ya mto Mulongwe kufurika na kubomoa nyumba nyingi mjini Uvira, mkoani Kivu ya Kusini, vichupa vya namna hiyo viligawiwa kwa wakaaji wa mji. Kampeni ilikuwa na duru mbili: ya kwanza mwisho wa mwezi wa saba na mwanzo wa mwezi wa nane, ya pili karibu na mwanzo wa mwezi wa kumi. Kila mtu mwenye mwaka mmoja na zaidi alipaswa kunywa mara mbili.

Kama kawaida, si wote waliorudi. Mtu akisafiri, akilala shambani, akiwa ziwani na nyavu zake siku wachanjaji wanapopita mtaani, anabaki na dozi moja tu. Katika rejista za afya, hao huhesabiwa kama watu ambao hawakumaliza chanjo. Lakini hao hao wa Uvira, pamoja na majirani zao ambao hawakunywa kabisa, ndio waliosaidia kujibu swali ambalo wakubwa wa afya duniani walikuwa wakijiuliza bila kupata jibu la kutosha: je, dozi moja peke yake inamlinda mtu, na kwa muda gani?

Jibu lilichapishwa mwaka 2024 katika gazeti la waganga The Lancet Infectious Diseases. Mwandishi wa kwanza wa utafiti huo ni Mkongo, Daktari Espoir Bwenge Malembaka wa Université Catholique de Bukavu, akiwa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani na wa taasisi nyingine. Kwa miaka miwili, kuanzia mwezi wa kumi 2021 hadi mwezi wa kumi 2023, walifuata wagonjwa walioingia hospitalini Uvira kwa kuhara maji. Si kila anayehara maji ana kipindupindu, kwa hiyo waliohesabiwa ni wale tu ambao maabara ilithibitisha mikrobe yenyewe katika kinyesi chao: watu zaidi ya 650. Kisha kwa kila mgonjwa wakatafutwa majirani wake, wa jinsia moja naye na rika lake, ambao hawakuugua. Wote wakaulizwa swali lile lile: ulikunywa chanjo mara ngapi?

Hesabu ilionyesha kwamba kati ya mwezi wa 12 na wa 17 baada ya kampeni, dozi moja ilipunguza hatari ya kuugua kwa karibu asilimia 53. Kati ya mwezi wa 24 na wa 36 ilikuwa bado karibu asilimia 45. Maana yake ni kwamba, wakichukuliwa watu 100 ambao wangeugua kama hawangechanjwa, karibu nusu yao wameponea kwa mililita moja na nusu waliyokunywa mara moja, miaka miwili nyuma.

Nusu si kubwa kwa mtu aliyezoea chanjo ya surua. Kwa kipindupindu, na kwa nchi ambayo inangoja dawa hiyo foleni, ni habari kubwa.

Foleni ya dunia nzima

Mwezi wa kumi 2022, kamati ya kimataifa inayosimamia akiba ya dharura ya chanjo hiyo ilichukua uamuzi ambao waganga wengi waliupokea kwa shingo upande. Nchi zilizopatwa na mlipuko zilikuwa nyingi mno, dozi zilikuwa chache mno. Kamati ikasimamisha mpango wa dozi mbili, na tangu siku hiyo mlipuko unapotokea kila mtu anapewa dozi moja. Chanjo za kinga, yaani zile za kupeleka kabla ugonjwa haujalipuka, zikawekwa kando.

Mwaka uliofuata hali ilikuwa ile ile. OMS, Shirika la Afya Duniani, lilisema nchi 14 zilihitaji dozi milioni 72 katika mwaka 2023. Viwanda vya dunia nzima vilikuwa vimetengeneza milioni 36. Na neno viwanda hapa ni la heshima tu. Kiwanda cha India kilichotengeneza chanjo ya Shanchol kilikuwa kinajiondoa katika biashara hiyo, na karibu mzigo wote ukabaki juu ya kampuni moja ya Korea ya Kusini, EuBiologics.

Wakati uamuzi ule unatolewa, ushahidi juu ya dozi moja ulikuwa mchache. Ulitoka hasa Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, ambako Daktari Firdausi Qadri na wenzake walianza jaribio kubwa mwaka 2014. Jaribio la Dhaka lilionyesha dozi moja inasaidia watu wakubwa na watoto wa shule. Kwa watoto wa mwaka mmoja hadi minne lilionyesha karibu hakuna kitu: asilimia 16, kiasi ambacho hesabu haiwezi kukitofautisha na bahati.

Ndiyo sababu matokeo ya Uvira yalingojewa. Uvira si Dhaka. Hapa kipindupindu hakiji na kuondoka kama mgeni; kinakaa. Mwambao wa Tanganyika, kuanzia Uvira kupitia Fizi hadi Kalemie, unakijua tangu miaka ya 1970, na kila msimu unakumbushwa.

Kwa nini ni ya kunywa

Chanjo ya kwanza ya kipindupindu ilikuwa ya sindano. Jaime Ferrán aliijaribu Hispania mwaka 1885, Waldemar Haffkine akaipeleka India miaka michache baadaye. Kwa miaka mingi, msafiri aliyevuka mipaka ya nchi fulani aliombwa kuonyesha kadi ya sindano hiyo. Ililinda kidogo, kwa miezi michache, na ilileta homa na maumivu. OMS iliishia kuiacha.

Tatizo lake lilikuwa la mahali. Mikrobe ya kipindupindu haiingii katika damu. Inaingia kwa mdomo, ndani ya maji au chakula, inapita tumboni, inajishikiza kwenye ukuta wa utumbo mdogo na kutoa sumu yake hapo hapo. Sumu hiyo ina sehemu mbili: moja ni kama mkono unaoshika mlango wa chembe ya utumbo, nyingine inaingia ndani na kufungua mabomba. Maji na chumvi vya mwili vinamwagika utumboni. Mtu mzima aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Aliyekuwa sokoni asubuhi anaweza kuwa amekufa jioni. Asipotibiwa, mgonjwa mkali ana nafasi ya nusu kwa nusu. Akipata maji ya chumvi na sukari, au seromu, kwa wakati, chini ya mtu mmoja kati ya mia hufa.

Kama vita viko kwenye ukuta wa utumbo, askari wanapaswa kusimama hapo. Sindano inajaza askari katika damu. Chanjo ya kunywa inapita njia ile ile ya adui, na mwili unajifunza kuweka kinga pale pale mlangoni.

Wazo hilo lilifanyiwa kazi Uswidi, katika Chuo Kikuu cha Gothenburg, na Jan Holmgren na Ann-Mari Svennerholm. Walichukua mikrobe zilizouliwa, wakaongeza kile kipande cha sumu kinachoshika mlango, ambacho peke yake hakina madhara. Chanjo yao, Dukoral, ilijaribiwa Matlab, vijijini Bangladesh, mwaka 1985, na kuruhusiwa Uswidi mwaka 1991. Katika miezi sita ya kwanza ililinda kwa asilimia 85.

Ilikuwa na kasoro moja ambayo mtu wa Uvira anaielewa bila kufafanuliwa. Kile kipande cha sumu kinaharibiwa na asidi ya tumbo, kwa hiyo dawa inapaswa kuchanganywa na unga maalumu katika maji, mililita 150 kwa mtu mzima. Maji safi. Ili upate kinga dhidi ya ugonjwa wa maji machafu, uwe kwanza na glasi ya maji safi. Chanjo hiyo ikawa ya watalii.

Mwaka 1994 ilikuwa tayari ipo. Mwezi wa saba mwaka huo mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walimiminika Goma, juu ya mawe ya volkano ambayo hayachimbiki choo wala kisima, na katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Hakuna hata mmoja wao aliyekunywa chanjo hiyo. Bei yake, unga wake, glasi yake ya maji na dozi zake mbili havikuwa vitu vya kambi ya wakimbizi.

Kupunguza badala ya kuongeza

Hatua iliyofuata haikutoka katika nchi tajiri. Wataalamu wa Vietnam walijifunza ufundi wa Waswidi, wakarudi nyumbani na kufanya jambo ambalo pengine mtu mwenye pesa asingelifikiria: walitoa kile kipande cha sumu. Wakabaki na mikrobe zilizouliwa tu. Kinga ya miezi ya kwanza inapungua, lakini majaribio ya Bangladesh yalikuwa yameonyesha kwamba baada ya mwaka tofauti karibu haionekani. Na bila kipande kile hakuna haja ya unga, hakuna haja ya glasi ya maji. Mtu anakunywa matone machache na kwenda zake. Vietnam iliruhusu chanjo yake mwaka 1997 na kuitumia kwa watu wake kwa mamilioni ya dozi.

Taasisi ya Kimataifa ya Chanjo, IVI, yenye makao yake Seoul, ilichukua fomula hiyo ya Vietnam, ikairekebisha ili ikubaliwe na OMS, na kuipeleka India. Katika mitaa ya maskini ya Kolkata ililinda kwa asilimia 65 hata baada ya miaka mitano, kwa dozi mbili. Hiyo ndiyo Shanchol, iliyopata kibali cha OMS mwaka 2011. Miaka miwili baadaye dunia ikawa na akiba yake ya kwanza ya dharura: dozi milioni mbili. Mwaka huo huo wa 2013 ndipo Médecins Sans Frontières walipoanza kuchanja Kalemie.

Kutoka hapo, kila hatua imekuwa ya kuondoa kitu. Wakorea wa EuBiologics, baada ya kupata ufundi ule ule kutoka IVI, waliondoa chupa ya kioo na kifuniko chake cha bati na kuweka kichupa cha plastiki kile kilichofika Uvira. Linaonekana jambo dogo. Kwa mtu anayebeba sanduku la barafu kwenye pikipiki kutoka mjini hadi vilimani, uzito na nafasi vinapopungua ni vijiji viwili zaidi vinavyofikiwa kwa siku.

Kisha wakageukia yaliyomo ndani. Chanjo ya zamani ilikuwa mchanganyiko wa aina tano za mikrobe, nyingine zimeuliwa kwa joto, nyingine kwa formalini, na mojawapo ilikuwa ya kundi la O139. Kundi hilo lilizuka India mwaka 1992 na kutisha dunia, lakini limefifia tangu hapo. Milipuko ya Kongo na ya Afrika kwa jumla ni ya kundi la O1. Kuendelea kupika aina tano katika matangi mbalimbali ilikuwa kama kupika sahani ya mgeni ambaye ameacha kuja. Chanjo mpya, Euvichol-S, imeacha O139 na kupunguza hatua za kiwandani. Ilijaribiwa Nepal kwa watu zaidi ya 2,500, ikaonekana inaamsha kinga ya mwili sawa na ile ya zamani. OMS iliipa kibali mwezi wa nne 2024. Kwa matangi yale yale, kiwanda kinaweza kutoa karibu asilimia 40 zaidi.

India nayo imerudi. Kampuni ya Bharat Biotech ilizindua mwaka 2024 chanjo ya Hillchol, ambayo imekwenda mbali zaidi katika njia hiyo: ndani yake mna aina moja tu ya mikrobe, iliyochaguliwa kwa sababu inabeba alama za aina mbili kuu za O1 kwa pamoja, Ogawa na Inaba.

Wale ambao dozi moja inawaacha nyuma

Lakini kurahisisha kunatatua tatizo la wingi. Hakutatui tatizo la mtoto.

Mwaka 2017 watafiti waliweka pamoja majaribio yote ya chanjo ya kunywa yaliyokuwa yamefanyika. Kwa watu wa miaka mitano na zaidi, dozi mbili zililinda kwa wastani wa asilimia 64. Kwa walio chini ya miaka mitano, asilimia 30. Dhaka ilionyesha kwamba kwa dozi moja ni chini zaidi. Uvira ilileta tumaini kidogo, na tumaini hilo linapaswa kusomwa kwa uangalifu: katika miezi ya 12 hadi 17, watoto wa mwaka mmoja hadi minne walilindwa karibu sawa na wakubwa. Mwaka wa tatu, kinga yao ilionekana kushuka hadi karibu asilimia 33, na hesabu yenyewe ilikuwa imetanuka mno kiasi kwamba huwezi kuisimamia kwa uhakika.

Sababu moja inajulikana. Mtu mzima wa Uvira amekwisha kukutana na mikrobe hii mara nyingi maishani mwake, hata bila kuugua. Mwili wake una kumbukumbu, na chanjo inamkumbusha tu. Mtoto wa miaka miwili hana cha kukumbushwa. Kwake dozi ile moja ndiyo somo la kwanza. Na utumbo wa mtoto anayehara mara kwa mara, asiyekula vya kutosha, ni mwalimu mgumu wa kumfundishia lolote.

Hapo ndipo wengine wanapendekeza chanjo ya mikrobe hai, iliyong'olewa sumu. Mikrobe hai inazaana kidogo utumboni, kwa hiyo somo linakuwa refu hata kwa dozi moja. Ipo moja inayouzwa, Vaxchora, iliyotokana na kazi ya Myron Levine na James Kaper katika Chuo Kikuu cha Maryland. Watu wa kujitolea nchini Marekani waliikunywa, siku kumi baadaye wakanyweshwa mikrobe halisi ya kipindupindu, na asilimia 90 wakalindwa na ugonjwa mkali. Nchi hiyo iliiruhusu mwaka 2016, kwa wasafiri wake.

Haikuwa mara ya kwanza kwa mikrobe hiyo kung'ara huko. Ile ile iliyo ndani ya Vaxchora ilipelekwa Jakarta, Indonesia, katika miaka ya 1990, ikapewa makumi ya maelfu ya watu katika mitaa ambako kipindupindu kinaishi kweli. Ilitoa ulinzi wa asilimia 14. Karibu bure. Pengine ni kwa sababu watu wa Jakarta walikuwa na kinga ya zamani iliyoiua mikrobe ya chanjo kabla haijafanya kazi, pengine ni matumbo yenye mikrobe nyingine tele. Vyovyote vile, tumbo la mwanafunzi wa Baltimore halikuwa shahidi mzuri wa tumbo la Jakarta, na ndiyo maana takwimu za Uvira zina thamani ambayo maabara yoyote ya Ulaya haiwezi kuinunua.

Kazi ya chanjo hai haijakufa. Boston, kikosi cha Matthew Waldor kilichukua mikrobe iliyoua watu Haiti, kikaing'oa sumu na kuifunga isiweze kuirudia. Mwaka 2018 walitangaza kwamba sungura wachanga waliopewa mikrobe hiyo walilindwa ndani ya siku moja, kabla hata mwili haujapata muda wa kutengeneza askari wake. Mikrobe ya chanjo ilikuwa imekwisha kukalia kiti cha mikrobe ya ugonjwa. Chanjo ya ukoo huo, PanChol, imeanza kujaribiwa kwa watu. Kama siku moja itafanya kwa watoto wa Kalundu ilichofanya kwa sungura, kampeni ya dharura itakuwa kitu kingine kabisa. Leo wenye kuchanja hufika wakati mlipuko umekwisha kupanda, na mwili unahitaji siku kadhaa tena kujiandaa.

Na Waswidi wa Gothenburg wamerudi na kile kilichotolewa na Wavietnam. Chanjo yao mpya, DuoChol, inakausha mikrobe zilizouliwa pamoja na kipande cha sumu na kuviweka ndani ya kapsuli ambayo haiyeyuki tumboni; inafunguka utumboni, asidi ikiwa imepitwa. Hakuna unga, hakuna glasi ya maji, na kapsuli kavu haina haja ya kubebwa kama chupa. Ikifaulu, nguvu ya miezi ya kwanza itarudi bila gharama ya zamani. Hata hivyo, mama yeyote aliyewahi kumpa mtoto wa miaka miwili kidonge atauliza swali lake kabla ya mtaalamu.

Tokyo wanajaribu njia ya ajabu zaidi: mchele uliopandikizwa uwezo wa kutengeneza kipande kile cha sumu ndani ya punje zake, ukasagwa na kunywewa. Katika jaribio la kwanza kwa watu, lililochapishwa mwaka 2021, waliokuwa na bakteria za aina nyingi tumboni waliitikia vizuri kuliko wengine. Jakarta tena, kwa mlango wa nyuma: tumbo la mtu lina neno lake.

Robine na kichupa

Hakuna mtaalamu wa kipindupindu Uvira anayezungumza juu ya chanjo bila kutaja REGIDESO. Utafiti mwingine uliofanyika mjini humo, ukiongozwa na Aurélie Jeandron wa London na kuchapishwa mwaka 2015, ulilinganisha siku ambazo robine zilikuwa kavu na idadi ya wagonjwa waliopokelewa hospitalini. Siku moja bila maji ya robine ilifuatwa, katika siku 12 zilizofuata, na wagonjwa wengi zaidi ya mara mbili ya kawaida. Umeme unakatika, pampu zinasimama, na kina mama wanachukua bidoni na kushuka ziwani au mtoni, mahali pale pale ambapo wengine wanaoga, wanafua na kuosha samaki.

Chanjo haifanyi maji kuwa safi. Inanunua muda. Mwaka 2025 RDC ilionyesha muda huo unavyoweza kuliwa: mwezi wa kumi na mbili UNICEF ilihesabu wagonjwa zaidi ya 64,000 na vifo zaidi ya 1,800 nchini tangu mwanzo wa mwaka, hali mbaya kuliko yote kwa miaka 25. Watoto ni miongoni mwa waliolipa zaidi. Mwezi huo huo vita vilifika Uvira yenyewe, na watu walivuka kwenda Burundi na kutawanyika mwambaoni, wengine na kadi zao za chanjo, wengi bila.

Kwa upande wa dozi, hali imeanza kulegea. Utengenezaji wa dunia ulikaribia dozi milioni 70 mwaka 2025, mara mbili ya ule wa 2022, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni tunda la kurahisisha fomula. Mwanzoni mwa mwaka 2026, OMS, UNICEF na Gavi walitangaza kwamba chanjo za kinga zinaanza tena baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka mitatu, na RDC iko katika nchi tatu za kwanza, pamoja na Msumbiji na Bangladesh, ikitengewa dozi zaidi ya milioni 6. Huko Afrika ya Kusini, kampuni ya Biovac ya Cape Town imepewa ufundi na IVI ili bara hili, linalobeba milipuko mingi, liache kungoja meli kutoka Asia.

Dozi milioni 6 kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 100 zinawalazimisha wakubwa wa afya kuchagua tena: zoni zipi za afya kwanza, na ni nani atakunywa mara ngapi. Uvira imewapa sababu ya kuamini dozi moja kwa mtu mzima na kwa mtoto wa shule. Kwa wenye chini ya miaka mitano, wataalamu wanaendelea kuuliza kama isingekuwa haki kurudi kwao na dozi ya pili mara tu vichupa vikitosha, hata kama wakubwa wanabaki na moja.

Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapewi kabisa. Hakuna kati ya chanjo zinazogawiwa Kongo iliyoruhusiwa kwa umri wake. RECO wanaopita nyumba kwa nyumba wanamruka na kumwambia mama aendelee kumnyonyesha, na achemshe maji ya bidoni au ayatie klore kabla ya kumwosha nayo mdomo.